Benchi la Zaituni

Vijana wa kituo, mmeniomba kwenye kundi letu la WhatsApp niandike tulivyofanya kazi, iwasaidie ninyi mnaoanza. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina wa kumsimulia, na ng'ombe wangu wameshanichoka. Habari za kupandishwa vyeo sitaziandika, hazijawahi kumponya mtu. Nitaandika habari za moyo, damu na kinga ya mwili, mambo niliyohangaika nayo muda wote wa utabibu wangu. Na kwa kuwa sipendi uongo, nitaandika pia habari za wivu. Wenzangu wakistaafu husema waliwapenda wafanyakazi wenzao wote. Mimi kuna mmoja nilimwonea wivu tangu siku alipofika mpaka leo ninapoandika, na habari yenyewe ya moyo siwezi kuieleza bila kumtaja.

Nilianzia Dirma, kwenye zahanati ndogo iliyokuwa na upepo mwingi kuliko dawa. Mkubwa wangu alikuwa tabibu mmoja mtu mzima, Mzee Boay, ambaye wafugaji walimheshimu kwa sababu alijua majina ya ng'ombe wao. Siku ya kwanza niliingia na stetoskopu mpya shingoni, nimeivaa vizuri kama tai. Akanitazama juu mpaka chini akaniuliza kama nimekuja kazini au harusini. Nikaivua nikaiweka mfukoni. Akasema, "Sasa lifunge hilo dirisha. Upepo ukiingia hapa utaandika kila mtu ana ugonjwa wa moyo."

Alinifundisha kuangalia kabla ya kusikiliza. Mtu akikaa wima na mshipa wa shingo yake umejaa, ujue moyo umeelemewa, damu imekwama njiani inasubiri zamu. Bonyeza mguu juu ya kifundo. Kidole kikiacha shimo, maji yametoka kwenye mishipa yakajaa miguuni. Ndipo uweke stetoskopu. Sauti za moyo alinifundisha kwa kugonga meza: vidole viwili, pumziko, vidole viwili, pumziko. Kisha alikwaruza meza kwa kiganja katikati ya mapumziko hayo akasema, "Ukisikia hii, damu inapita mahali pabaya." Baadhi ya sauti hizo ni za chini sana, huzipati mgonjwa akilala chali. Mgeuze alale ubavu wa kushoto, mwambie atoe pumzi aibane, tumia upande mdogo wa stetoskopu na usiubonyeze. Vijana wengi mnabonyeza kama mnapiga muhuri.

Kesi ya kwanza iliyonitia woga haikuwa ya moyo, ilikuwa ya damu. Mama mmoja aliletwa kwa mkokoteni wa punda, viganja vyeupe, midomo haina rangi, anahema kama aliyepanda mlima. Mimi, mwenye cheti kipya, nikakimbilia dripu. Mzee Boay akanishika mkono. "Huyu hana kiu," akasema. "Maji anayo. Kilichokwisha ni chembe nyekundu." Kisha akanieleza pale pale, mgonjwa akisikia. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa. Zikipungua, moyo hujitahidi kuzungusha zile chache zilizobaki kwa haraka zaidi, na hufanya hivyo kwa miezi bila kulalamika, mpaka uchoke. Moyo uliochoka namna hiyo ukiujaza maji kwa haraka, yanarudi nyuma kwenye mapafu, na mgonjwa anazama akiwa kitandani. Tulimpeleka hospitali akiwa amekaa, wakampa damu kidogo kidogo pamoja na dawa ya kukojoza maji. Alirudi akitembea kwa miguu yake, akatusalimia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

Siku moja Mzee Boay alisikiliza kifua cha mzee fulani, akanipa na mimi nisikilize. Nikamwambia kuna sauti ya tatu, ndogo, kabla ya ile ya kwanza. Akasikiliza tena, muda mrefu. Akatoa stetoskopu akasema mbele ya nesi na mbele ya wagonjwa wote, "Fabiani, una masikio." Sifa hiyo niliishi nayo. Niliilea kuliko nilivyolea ndama.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Gitting, ambako ukungu wa mlima hukaa mpaka saa nne na watoto huenda shule wamejifunga mablanketi. Nilifurahi sana. Dada yangu Paulina aliolewa huko, na mama yetu alikuwa amehama Dongobesh kuja kuishi naye. Nilikuwa mtoto wa nyumbani, nazungumza Kiiraqw, tena nina masikio. Nilidhani watu watapanga foleni mlangoni kwangu mpaka barabarani. Kwa muda fulani walipanga kweli.

Kisha akaja Zaituni.

Alikuwa tabibu kama mimi, cheti kile kile, umri ule ule. Kwao ni Kondoa. Alifika na sanduku moja, zulia la kuswalia na birika la chai, akapewa chumba kinachotazamana na changu. Kabla ya mvua kuisha benchi lake lilikuwa limejaa na langu lina mtu mmoja aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Nilijipa moyo kwamba ni ugeni tu, watamchoka. Hawakumchoka. Alijifunza Kiiraqw, na alikizungumza vibaya mno, zile sauti za kooni zikimkwama, na akina bibi walicheka wakampenda zaidi. Mimi niliyezaliwa nacho hakuna aliyewahi kunipenda kwa ajili hiyo. Wakitoka chumbani kwake walimwachia kibuyu cha maziwa ya mgando. Mimi waliniachia shikamoo.

Nilichunguza anafanya nini. Sikuona kitu. Alisogeza kiti upande mmoja wa mgonjwa, akaweka kalamu chini, akauliza swali moja, kisha akanyamaza. Mtu akieleza habari za tumbo, akahamia habari za shemeji, akarudi kwenye tumbo, yeye anamtazama tu mdomoni. Kwa muda aliotumia kwa mtu mmoja mimi nilikuwa nimeshaona wengi, nimeandika dawa, nimeagana nao. Nilimwambia siku moja kwenye chai, "Zaituni, foleni yako itafika Katesh mjini." Akacheka akanimiminia kikombe. Wivu wangu kwake ulikuwa mbaya kwa sababu mwenyewe hakunipa sababu yoyote ya kumchukia.

Kilichoniuma kupita vyote ni mama yangu mzazi. Alikuja kituoni siku moja na mgongo wake. Nikatoka kumpokea, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba mwanangu. Yule mama wa Kondoa yupo?" Nikamwambia mimi nipo. Akanipapasa begani akasema, "Wewe najua upo," akapita.

Sasa niwaeleze kuhusu kimeo, kwa sababu ninyi wengi mmetoka mikoa mingine. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Hapa kwetu, mtoto akiumwa koo au akikohoa sana, wazee husema kimeo kimekuwa kirefu, na kuna watu kazi yao ni kukikata. Wakati huo alikuwepo bibi mmoja maarufu, mwenye mkono mwepesi na mkasi aliouchemsha kwenye sufuria ya chai. Kwa kweli hata yeye nilimwonea wivu, maana wateja wake hawakuwahi kulalamika kuhusu foleni. Koo la mtoto lingepona lenyewe baada ya siku chache hata angepewa maji ya moto tu, lakini kwa kuwa kimeo kimekatwa, sifa anachukua bibi.

Ubaya hauko kwenye kukata peke yake. Kuna kijidudu kimoja cha kooni kinachopenda watoto, hasa wakati wa baridi, wakilala wengi chumba kimoja. Mwili hutengeneza kinga ya kukipiga. Shida ni kwamba gamba la kijidudu hicho linafanana na nyama ya vali za moyo, zile ngozi nyembamba zinazofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Kinga ikishajifunza kupiga, hugeukia moyo. Ni kama mbwa wa boma anayemng'ata mwenye nyumba kwa sababu amerudi kavaa koti la mgeni. Na haitokei siku ile ile. Huja wiki chache baadaye, koo limeshapona na kimeo kimeshasahaulika. Goti linavimba, linapona, kinavimba kifundo, kinapona, kinavimba kiwiko. Watu husema mtoto anakua. Ndani, vali zinaungua. Tunaita homa ya baridi yabisi, jina linalofanya watu wadhani ni kosa la hali ya hewa. Dawa ya koo, penisilini ya kawaida kabisa, ikitolewa mapema ingezuia yote hayo, lakini mtoto aliyekatwa kimeo haletwi kwetu. Kwao ameshatibiwa.

Nilipinga jambo hilo kwa nguvu zote. Nilisema kwenye mikutano ya kijiji, nikasema kanisani baada ya matangazo, nikasema nyumbani kwa dada yangu kila Jumapili nilipokwenda kula. Ningesema tena leo. Watu waliitikia "ndiyo Daktari", kisha wakaendelea, ila sasa kwa kujificha. Na waliyemficha zaidi kuliko wote nilikuwa mimi.

Asubuhi moja Zaituni alichungulia mlangoni kwangu. "Kaka Fabiani, ukipata nafasi njoo unisikilizie mtoto mmoja." Alikuwa na desturi hiyo, kuniita nimsikilizie mgonjwa wake. Siku zote nilidhani ananionyesha kwamba ameshamgundua. Nilinyanyuka na roho ya kwa nini imenijaa kifuani. Nikaingia. Kitandani alikuwa amelala Regina, mtoto wa dada yangu, wa darasa la sita. Paulina amekaa pembeni anatazama sakafu.

"Shikamoo mjomba," mtoto akasema, na kwa kusema hivyo tu akakosa pumzi.

"Marahaba. Unafanya nini huku?"

"Msikilize kwanza," Zaituni akasema.

Nikafunga dirisha. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikaweka stetoskopu. Ulikuwepo mkwaruzo ule wa meza ya Mzee Boay. Kila pigo la moyo lilifuatwa na mvumo, kama mtu anayepuliza jiko la kuni, unaelekea kwapani. Vali ya kushoto haikuwa inafunga, damu ilikuwa inarudi ilikotoka. Nilisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kuinua uso wangu.

"Umesikia nini?" Zaituni akaniuliza.

Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu, akaandika nilivyosema. Kisha akamwambia dada yangu, "Mweleze mjomba wake, hatakula mtu."

Paulina akaeleza. Mtoto aliumwa koo kabla ya mavuno. Bibi yake, yaani mama yangu, akampeleka kukatwa kimeo. Koo likapona. Baadaye magoti, kisha vifundo, kisha mkono. Sasa anachoka hata akichota maji.

"Paulina," nikasema, "Jumapili si nilikuwa kwenu? Si nilikula hapo na mtoto amekaa mbele yangu?"

"Tungekuambiaje, Fabiani? Wewe ukisikia kimeo unahubiri mpaka ugali unapoa."

Nikamgeukia Regina. "Na wewe? Daktari wa Kondoa umemwambia, mjomba wako hukumwambia?"

Akamtazama kwanza Zaituni, ndipo akanijibu. "Yeye hakuniuliza kama nimekatwa, mjomba. Aliniuliza yule bibi alinishika vizuri au alinibana."

Roho iliniuma kwa ajili ya mtoto, na papo hapo iliniuma kwa ajili yangu. Mkitaka kunicheka, subirini kwanza mtoto wa dada yenu apite mlangoni kwenu akaingie wa jirani.

Tulimpeleka hospitali kubwa, wakampiga picha ya moyo, wakathibitisha. Wakasema vali imeumia lakini bado tunaweza kuilinda. Kila koo jipya lingeifanya kinga igeuke tena na kuongeza jeraha, kwa hiyo lazima achomwe penisilini ile ya kukaa muda mrefu, kila mwezi, miaka mingi, mpaka awe mtu mzima. Mnaifahamu sindano hiyo. Dawa yake ni nzito, inaziba sindano, na inauma kiasi kwamba watu wazima hutafuta visingizio. Nikasema angalau hiyo nitamchoma mimi, ni damu yangu. Regina akakataa. "Sindano ya mjomba inauma," akasema, wakati dawa ni ile ile na sindano zinatoka boksi moja.

Nikawa nasimama kwenye korido najifanya nasoma matangazo ya chanjo huku naangalia kupitia mlango ulioachwa wazi. Zaituni alishika kichupa ndani ya kiganja chake mpaka kikapata joto. Alimwacha mtoto achague upande. Alisukuma dawa pole pole huku akimuuliza habari za shule, na akisikiliza majibu kweli, si ya kupitisha muda. Regina alitoka anachechemea na anacheka. Mwezi uliofuata nikawapashia vichupa joto wagonjwa wangu. Mwezi mwingine nikaweka kalamu chini. Niliiba kwake kila kilichoibika, na sioni sababu ya kumshukuru, maana niliiba kwa hasira. Hata hivyo watoto walipunguza kulia chumbani kwangu, na akina mama walianza kumaliza sentensi zao.

Halafu mama yake Zaituni akaugua, naye akaomba uhamisho kurudi karibu na kwao. Siku ya kumuaga akina bibi walimfunga mashuka mpaka akashindwa kugeuza shingo, wakampa kondoo, wakalia. Mama yangu alilia kuliko alivyolia nilipokwenda chuoni. Mimi nilitoa hotuba, na wote walisema ilikuwa hotuba nzuri kupita zote. Ilikuwa nzuri kwa sababu nilikuwa na furaha. Benchi lilihamia mlangoni kwangu wiki ile ile, nami nikajikaza kisabuni nisitabasamu. Ila kila mgonjwa wa tatu aliniuliza, "Dokta Zaituni angesemaje hapa?" Mtu yuko Kondoa na bado anafanya kazi kwenye chumba changu.

Regina alikua akawa mrefu, akaolewa na Emanueli, kijana mkulima wa ngano. Kwa siku zake za sindano alikwenda kwa manesi. Mimi nilikutana naye Jumapili tu kwa Paulina, mama yake akipika, tukazungumza habari za mvua. Hospitalini walikuwa wamemweleza kwamba akitaka kubeba mimba aje kwanza wamwangalie. Hakwenda. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alijisikia mzima, na mtu anayejisikia mzima haendi kuomba ruhusa ya kuzaa.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilifungua mlango kuita mgonjwa anayefuata, nikamwona amekaa kwenye benchi langu, tumbo kubwa, amejifunga shuka ya mumewe. Hajawahi kukaa pale. Alisimama kwa kujishika ukutani.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja unisikilize."

Moyo wangu wenyewe uliruka. Mnisamehe, nilifurahi kabla sijaogopa. Nikamkalisha, nikaweka kalamu chini, nikauliza swali moja, nikanyamaza. Akaeleza yote bila kuvutwa. Halali chali tena, amejaza magunia mgongoni analala amekaa. Akikohoa hutoka povu lenye rangi ya damu. Kuna miezi sindano ilirukwa kwa sababu dawa haikuwepo, na kuna mingine ilirukwa kwa sababu ya mavuno. Hajamwambia mume wake hata nusu ya hayo. Nilikusanya maneno yake kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika, sikutaka hata moja libaki.

Kisha nikaweka stetoskopu. Mvumo wa kupuliza ulikuwa umepungua. Badala yake nilisikia ule wa chini, wa kunguruma, unaokuja moyo ukiwa umepumzika. Maana yake vali iliyokuwa haifungi sasa imepona kwa makovu, na makovu yameishika haifunguki. Fikirieni lango jembamba la zizi. Ng'ombe wakiingia taratibu watapita wote. Mtu akiwakimbiza, wanabanana langoni na wengine wanajaa nje. Mimba yenyewe inaongeza wingi wa damu, yaani ng'ombe wameongezeka. Nikafunua kope lake, jeupe. Chembe nyekundu zimepungua, kwa hiyo moyo unakimbia kuzifidia, yaani wanakimbizwa. Na nje ya lango hilo ni mapafu. Povu lile jekundu lilikuwa damu inayosubiri kupita. Mambo matatu niliyofundishwa kwa nyakati tofauti, kinga, damu na moyo, yalikuwa yamekaa mbele yangu kwenye kiti kimoja, na yalikuwa yanamuua mtoto wa dada yangu.

Nilimkalisha wima, nikampa oksijeni na sindano ya kutoa maji, nikamkataza nesi kugusa dripu. Nikaita gari la wagonjwa nikapanda naye. Njia nzima nilimshikilia mgongo asilale. Emanueli alikaa mbele na dereva, hakugeuka hata mara moja, na nilijua analia. Nilimwambia Regina apumue taratibu. Akaniambia, "Mjomba, na wewe pumua."

Hospitalini walimpa dawa ya kupunguza kasi ya moyo, wakamwongezea chembe za damu pole pole, wakamweka mpaka mtoto akomae kidogo. Siku ya kujifungua hawakumwacha asukume muda mrefu, walimvuta mtoto kwa kifaa. Alikuwa msichana, alilia vizuri. Kila mtu akapiga vigelegele isipokuwa mimi na daktari. Sisi tulijua kwamba hatari kubwa inaanza hapo, maana mfuko wa uzazi ukijikunja unasukuma damu yake yote kurudi kwenye moyo kwa mara moja, na lango ni lile lile. Nilikaa nje kwenye korido. Paulina alisali rozari. Mama yangu, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikaa ameishika kwa mikono miwili, hatutazami. Nikamwekea mkono begani. Sikusema neno lolote kuhusu kimeo.

Regina alivuka. Asubuhi ya pili nilimkuta amekaa, anakunywa uji kwa kiasi walichomruhusu, midomo ina rangi. Daktari akasema akipata nguvu watamtafutia nafasi ya kupanuliwa ile vali. Nikavuta kiti. Nilikuwa nimengojea siku hiyo kwa miaka mingi, na sikuona kwa nini nisiifurahie.

"Regina, nimefurahi kwamba ulikuja kwangu."

Akaweka kikombe chini. "Nilimpigia kwanza Dokta Zaituni, mjomba. Nilimweleza kwamba nakosa pumzi. Akasema nisipoteze muda, niende kwako siku hiyo hiyo, nikueleze kila kitu, nisifiche."

Nilitoka nje. Nilisimama juani nikatafuta namba yake kwenye simu. Sikuwahi kuipiga tangu aondoke. Akapokea kwa kupiga kelele, kama wapokeavyo watu wa Kondoa.

"Kaka Fabiani! Mama hajambo? Mtoto hajambo?"

"Wote hawajambo. Zaituni, kwa nini ulimwambia aje kwangu?"

"Ongea kwa nguvu kaka, nimebadilisha sikio."

"Nimesema, kwa nini ulimtuma kwangu?"

"Sasa ningemtuma kwa nani? Mimi sikio la kushoto lilikufa na surua nikiwa mdogo, na hili la kulia ni nusu. Mvumo wa moyo sijawahi kuusikia sawasawa hata mmoja. Kila niliyemtilia shaka, si nilikuita wewe uje unisikilizie?"

"Lakini Regina ulimgundua wewe."

"Regina aliniambia magoti yake yanahama. Moyo uliusikia wewe, kaka."

Nikakumbuka kiti chake kilivyosogezwa siku zote upande mmoja wa mgonjwa, na macho yake yalivyokuwa mdomoni mwa mtu. Nusu sikio. Na mimi mwenye mawili mazima, yaliyosifiwa hadharani, niliketi kwa dada yangu nikala, mtoto akiwa mbele yangu, nisisikie kitu. Wivu nilioujua kabla ya hapo ulikuwa mchezo.

"Miaka yote ile tulikunywa chai pamoja," nikasema. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza," akasema, bila ubaya wowote.

Nikarudi wodini. Regina alikuwa amempakata mtoto, akainua uso akatabasamu.

"Umempata? Amesemaje?"

Nikamwambia anawasalimia.